Nimeambiwa "amini tu", nimwache mama yangu

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani wa Morogoro mjini, nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Mama yangu yuko kijijini, upande wa Ifakara. Baba alifariki mwaka juzi.

Mwaka jana niliokoka katika ushirika mdogo tunaokutana nyumbani kwa kiongozi wetu, Jumatano na Jumamosi. Sitaki kusema uongo, pale nilisaidika. Mume wangu hakuwa na kazi, mimi usingizi ulikuwa umekimbia, na wale watu walikuja kuniombea mpaka nikapata nguvu ya kurudi kwenye cherehani. Ndiyo maana jambo hili linaniumiza pande zote mbili.

Kwenye arobaini ya baba, wazee wa ukoo walimwaga pombe kaburini wakaita majina ya mababu. Mama alikuwepo, kanga begani, hakusema kitu. Nililisimulia jambo hilo kwenye ushirika kama ombi tu. Kiongozi akasema mama amenifunga kwenye madhabahu ya ukoo, na ndiyo sababu kazi zangu haziendi. Akafungua Luka 14:26 akanisomea: "Kama mtu akija kwangu naye hamchukii baba yake, na mama yake..." Akaishia hapo, akafunga kitabu. Akasema nikate: nisimpigie mama, nisipokee simu yake, nisile chakula chake. Na ile elfu thelathini niliyokuwa namtumia kila mwezi kwa dawa za presha, niitoe pale iwe sadaka ya kujinasua.

Huu ni mwezi wa tano nafanya hivyo. Lakini kila nikiusoma ule mstari moyo unakataa. Jumatano moja nikauliza: Yesu aliyesema tuwapende adui zetu, anawezaje kusema tumchukie mama? Wote wakainamisha vichwa. Kiongozi akajibu kwamba akili ndiyo adui wa imani, na andiko gumu halieleweki kwa kuuliza, linaeleweka kwa kutii. "Amini tu," akasema. Tangu siku hiyo wananiombea roho ya ubishi initoke.

Wiki iliyopita dada yangu alikuja dukani, akaniwekea simu yake sikioni bila kuniambia nani anaongea. Nikasikia, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikakata. Siku ile nilishona mkono wa kulia wa gauni la mteja upande wa kushoto. Dada anasema miguu ya mama imevimba.

Mama, naogopa. Nikimpigia naogopa kumkosea Mungu. Nikikaa hivi naogopa atakufa. Na swali langu ni hili: kuamini maana yake ni kuacha kuuliza? Mtu akikutana na andiko asilolielewa, imani inamtaka afanye nini?

Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kama simu iko karibu, mpigie mama yako sasa hivi, halafu urudi umalizie kusoma. Nasema hivi nikijua unaogopa. Miguu ya mgonjwa wa presha ikivimba, hapo hatungoji Jumatano.

Sasa tukae na mstari wako, maana umekutesa miezi mitano na haifai kuurukia.

Kwanza usome mpaka mwisho. Kiongozi wako alifunga kitabu katikati ya sentensi. Baada ya baba na mama, Yesu anaendelea: "na mke wake, na wanawe, na ndugu zake waume kwa wake, naam, na hata nafsi yake mwenyewe, hawezi kuwa mwanafunzi wangu." Mke na watoto wamo. Nafsi ya mtu mwenyewe imo. Ikiwa kuchukia hapa ni kukata simu na kunyima dawa, basi anayekufundisha alipaswa kuwa ameshamfukuza mke wake na kujinyima chakula mwenyewe. Najua hajafanya hivyo, wala hapaswi. Ila huwezi kuuchukua mstari nusu, ukamtwika mjane wa Ifakara nusu hiyo, ile nyingine ukaiacha ndani ya jalada.

Biblia ya Kiswahili wanayosoma wengi wetu, ile ya mwaka 1952, imeandika "hamchukii", na haikukosea. Kigiriki cha Luka ndivyo kisemavyo. Lakini Yesu na wanafunzi wake walikulia katika usemi wa Kiebrania na Kiaramu, na katika usemi huo kupenda na kuchukia hutumika kwa kupima nani anatangulia. Nenda Mwanzo 29. Mstari wa 30 unasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Mstari unaofuata unazungumzia hali ileile ya Lea, na neno la Kiebrania lililopo pale ni "amechukiwa". Yakobo huyo huyo alizaa na Lea wana sita na binti mmoja, na kabla hajafa akaagiza azikwe palepale alipomzika Lea. Kisha soma Mathayo 10:37, ambako neno hilohilo la Yesu limekuja wazi: "Apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili." Kuliko mimi. Anaomba nafasi ya kwanza. Hakuomba mama yako aachwe bila dawa.

Wala sitaki kuulainisha mstari huu mpaka ubaki maji. Una makali. Siku wazee wa ukoo watakapokuita wewe ushike kibuyu umwage pombe kaburini, na dhamiri yako inakataa, utakataa, hata mama akikusihi. Utakataa kwa heshima, ukiwa umepiga goti kumsalimia, na baadaye utaingia jikoni kumsaidia kupika. Hapo ndipo mstari ule unapouma. Makutano mengi walikuwa wakimfuata Yesu njiani, akageuka, akawaambia gharama yake kabla hawajafika mbali.

Na sikiliza alichosema baada ya hapo, mistari miwili tu mbele. Akawauliza: ni nani kwenu akitaka kujenga mnara asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama? Na ni mfalme gani aendaye vitani asiyeketi kwanza na kushauriana? Mara mbili amewaambia waketi kwanza wafikiri. Wewe umeambiwa akili ni adui wa imani, tena kwa kusomewa sura ileile ambamo Bwana anawaambia watu watumie akili! Nilipofika hapo kwenye barua yako ilinibidi niiweke chini kwanza.

Hata hilo "amini tu" lina kwao. Liko Marko 5:36. Aliambiwa Yairo, baba ambaye ndiyo kwanza ameletewa habari kwamba binti yake amefariki. "Usiogope, amini tu." Kisha Yesu akaenda naye mpaka nyumbani, akawatoa waombolezaji wote nje, akaingia na baba na mama wa mtoto, akamshika binti mkono akamwinua, na neno lake la mwisho pale lilikuwa kwamba apewe chakula. Mzazi na mwanawe walikutanishwa tena. Limechukuliwa neno lililomrudisha mtoto kwa wazazi wake, likatumika kukutoa wewe kwa mama yako.

Sasa swali lako, kama kuamini ni kuacha kuuliza.

Nikupe mfano ulio karibu nawe. Mtu akija dukani kwako akakuambia, "Mama yako amesema wanao wasikanyage kwake," ungefanya nini? Usingesema mama ni mwongo. Usingesema pia sawa, ukaendelea kushona. Ungesema: mama ninayemjua hasemi hivyo, kuna kitu hapa sijakielewa, ngoja nimuulize mwenyewe. Hiyo ndiyo imani mbele ya andiko gumu. Unamjua anayesema, kwa hiyo humkimbii, na wala hukubali kila tafsiri inayoletwa kwa jina lake. Moyo wako ulipokataa kwamba Yesu anakutaka umchukie mama, haikuwa roho ya ubishi. Ulikuwa unamkumbuka Yesu uliyemsoma kurasa nyingine.

Katika Yohana 6 wanafunzi wengi walisikia mafundisho wakasema, "Neno hili ni gumu, ni nani awezaye kulisikia?" Wakarudi nyuma. Yesu akawauliza wale Thenashara kama na wao wanataka kuondoka. Petro hakujibu kwamba ameelewa. Alisema, "Bwana, twende kwa nani? Wewe unayo maneno ya uzima wa milele." Alibaki, na maswali yake alibaki nayo, na tunajua aliendelea kuuliza mengi tu baada ya hapo. Yule mtu wa Kushi kwenye gari lake, katika Matendo 8, alikuwa anamsoma Isaya. Filipo akamuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Akajibu bila haya, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Filipo hakumwambia ana roho ya ubishi. Alipanda garini, akaketi naye, akaanzia andiko lilelile.

Kuna neno la zamani juu ya jambo hili, na limetoka katika bara letu. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo hadi kifo chake mwaka 430. Ujanani aliyafungua Maandiko akayadharau, aliona lugha yake haifiki kwa Cicero, yule mwandishi mkuu wa Kilatini, na habari nyingi za Agano la Kale zilimkwaza. Alikuja kufunguliwa na mahubiri ya Ambrosio, askofu wa Milan, akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Wengi wanamjua kwa usemi "amini ili uelewe". Kiongozi wako angeupenda. Lakini katika mahubiri yake Augustino aliuweka pamoja na mwenzake: elewa neno langu, ili uamini, amini neno la Mungu, ili uelewe. Angalia alivyopanga. Neno la mhubiri linapimwa kwanza kwa akili. Neno la Mungu ndilo linaloaminiwa hata kabla halijafunguka. Wewe umeombwa ulipatie neno la kiongozi imani ile ambayo ni haki ya neno la Mungu peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Huyohuyo Augustino aliacha kipimo kingine ambacho mimi nimekitembea nacho miaka mingi: mtu akidhani ameelewa Maandiko, lakini ufahamu wake haumjengi katika kumpenda Mungu na jirani, bado hajaelewa. (Naye aliwahi kumkimbia mama yake. Alimdanganya usiku kule Karthago akapanda meli kwenda Roma, mama akabaki pwani analia. Mzee alipoyaandika hayo baadaye hakujisifu.) Chukua tafsiri uliyopewa uiweke kwenye kipimo hicho. Miezi mitano imezaa nini? Mama miguu imevimba, dada anakutegea simu, wewe unashona mkono upande usio wake, na fedha ya dawa imehamia mfuko mwingine.

Hiyo fedha, mwanangu, Yesu aliizungumzia. Soma Marko 7, mstari wa 9 mpaka wa 13. Palikuwa na desturi mtu akimwambia baba au mama kwamba kile ambacho kingemsaidia ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, basi haruhusiwi tena kumtendea mzazi neno lolote. Sadaka imechukua mahali pa mzazi, na kwa jina la Mungu kabisa. Yesu aliwakemea. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ukiweka kisa hicho kando ya elfu thelathini yako, hutahitaji mtu wa kukufafanulia. Na yeye mwenyewe, msalabani, mikono imepigiliwa, alimtafutia mama yake mahali pa kukaa.

Sasa nikuambie jinsi nilivyofundishwa kukaa na andiko lisilofunguka. Bibi yangu wa Same hakujua kusoma. Jioni alinikalisha jikoni nimsomee, yeye akichambua maharage na mahindi ya makande. Nikifika pahali pagumu nilisita, naye husema, "Rudia." Narudia. "Rudia tena." Kisha anamimina maji kwenye sufuria ya mahindi makavu, anaifunika, anasema, "Na hilo liloweke." Kesho yake tunasoma sura nyingine, lakini lile hakulisahau. Wiki inapita, anatoka shambani na jembe begani, ananiambia, "Lile neno la juzi, nadhani nimeona upande wake mmoja." Sikuwahi kumsikia akisema ameelewa lote. Alikuwa hatupi, na wala hatafuni mabichi akajidai yameiva.

Yapo ambayo nimeyaloweka tangu nikiwa msichana na bado ni magumu. Binti wa Yeftha, katika Waamuzi 11, ni mojawapo. Baba aliweka nadhiri kwa Mungu bila kufikiri, na aliyeilipa ni mtoto. Nimesoma maelezo mengi, hakuna lililonituliza. Kinachonishika ni mstari wa mwisho wa sura hiyo: wanawake wa Israeli walikwenda kila mwaka siku nne kumwombolezea. Hawakutoa tafsiri, na hawakuambiana waache kuuliza. Walikwenda pamoja wakalia, mwaka hadi mwaka, na Maandiko yakaona kulia kwao kunastahili kuandikwa. Nami nikifika sura hiyo hufanya kama wao.

Kuhusu ushirika wako. Walikuinua ulipokuwa chini, na shukrani hiyo usiifute. Nenda kwa kiongozi mara moja, na mume wako awe pamoja nawe, mfungulie Marko 7 na Luka 14 yote, mwambie umeanza tena kumtunza mama. Usiende kubishana. Akikusikiliza, umempata ndugu. Akikuambia tena kwamba kuuliza ni dhambi, tafuta mahali pengine pa kusali, na uondoke kwa amani. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Mwalimu anayeogopa jaribio hilo si wa kuachiwa nyumba yako.

Na lile la arobaini, mbona hakuna aliyemuuliza mama? Unaniambia alisimama na kanga yake begani, kimya. Mjane katikati ya wazee wa ukoo wa mumewe, siku arobaini baada ya kumzika, alikuwa na sauti gani pale? Labda alikubali. Labda moyoni alikuwa anaomba kwa njia yake. Mmemhukumu mkiwa mbali, yeye hayupo. Mkae, akueleze mwenyewe aliyoyapitia siku ile.

Safiri mwisho wa wiki hii ukiweza, na wajukuu uwabebe. Hutakosa maneno ya kusema mlangoni. Shikamoo inatosha, na "nisamehe mama" ikifuata. Ukifika, usianze na Biblia. Mpeleke zahanati apimwe, ujue dawa zimekatika tangu lini, daktari aone hiyo miguu. Jioni, akishakula na kutulia, mfungulie Luka 14, umsomee mpaka mwisho wa sura, umuulize yeye anauelewaje ule mstari wa 26. Amelea, amezika, amesali miaka mingi kuliko wewe na kiongozi wako. Akisema "rudia", mrudie.